Maneno, Siyo Mdundo

Mwalimu Noela aliingiza gari lake kwenye ua wa fundi Sefu, pale Mfaranyaki, kabla fundi hajamaliza kufagia. Alilizima katikati kabisa ya ua, mahali ambapo bajaji mbili zilikuwa zinasubiri kuingia, akashuka na pochi yake kwapani kama mtu aliyekuja kukaa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Sefu wa redio?"

"Ndiye mimi. Sefu wa Tunduru, Sefu wa redio, Sefu wa sabufa. Chagua."

"Nimeshachagua. Wa redio."

Sefu akacheka, akaegemeza ufagio ukutani. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la Kijapani, rangi imechunika juu ya paa kama kisigino cha mkulima. Akaingia, akawasha redio, akazungusha kitufe huku na huku. Ikawa inakoroma tu.

"Unaona? Hii ndiyo ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Kule kwao masafa yanaishia tisini, na stesheni zetu karibu zote ziko juu ya hapo. Gari unalo tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Miaka sita! Ulikuwa unasikiliza nini humu ndani?"

"Kaseti."

"Kaseti!" Akatoa kichwa dirishani, akawapigia kelele madereva wa bajaji. "Jamani, msinitanie tena kuhusu simu yangu ya kubonyeza. Kuna mtu hapa ana kaseti!" Kisha akamrudia mteja wake, sauti ya biashara. "Mwalimu, nikushauri kama mwanao. Hii tunaing'oa. Tunaweka skrini, unaunganisha na simu, nyuma tunalaza sabufa ya inchi kumi na mbili. Ukipita Matogoro, mlima unaitikia."

"Redio haitoki," alisema Noela. "Vingine vyote badilisha. Hiyo yenye mdomo wa kaseti inabaki. Na sabufa sitaki."

"Bila sabufa gari ni kopo."

"Liwe kopo. Sitaki mdundo, nataka maneno. Kuna mtu anaongea kwenye kaseti, nataka nimsikie alichosema, mpaka pumzi yake."

"Nani? Padri?"

"Baba yangu."

Sefu alizima redio. Akafungua mlango, akagonga ubavu wa mlango kwa kifundo cha kidole. Bati likalia.

Baba yake Noela aliitwa Rupert, na kijijini kwao Likwela, kando ya njia ya Namtumbo, alikufa akiitwa Tigana. Hilo halikuwa jina. Lilikuwa tusi lililovaa nguo za jina, na lilianza mwaka tisini na mbili, mwaka ambao kila kitu kilikuwa kinauzwa na kila mnunuzi alikuja na barua yenye mhuri. Kampuni moja ilikuja kutaka bonde la Likwela, lile lenye maji mwaka mzima, ipande tumbaku. Ukaitishwa mkutano. Mikutano ya namna ile tunaijua: karatasi hufika ikiwa imeshaandikwa, wananchi huitwa waje kuipigia makofi. Aliyeendesha mkutano alikuwa mgeni, Kingoni hakijui hata cha salamu, na ili aonekane anaheshimu wenyeji akasema mzee mmoja asimame ajibu kwa lugha ya nyumbani. Akasimama Rupert.

Rupert akasema maneno mengi juu ya mpunga na juu ya watoto. Mwisho akafunga: "Tete tigana lepi."

Asiyejua Kingoni aelewe hapa, maana bonde zima lilipotelea hapa. Tete ni sisi, tigana ni tunataka. Lepi ni siyo. Kiswahili huanza kwa kukataa. Mtu akisema "hatutaki," ukisikia "ha" tu umeshajua huyu hakubali. Kingoni hakina haraka hiyo. Kinakutajia jambo lote kwanza, kisha kinaweka "lepi" nyuma, kama mtu anayefunga mlango baada ya kutoka. Ukiondoka kabla hajaufunga, utasimulia kwamba nyumba ile ilikuwa wazi.

Na siku ile masikio ya watu yaliondoka mapema. "Tete tigana," na makofi yakalipuka. Mgeni akamuuliza jirani yake maana ya tigana, akaambiwa, akaandika kwenye muhtasari: wananchi wanataka. Kampuni ikaingia. Ikalima miaka minane, ikakata kila mti ulioweza kukausha tumbaku, halafu ikaondoka zake bila hata kuaga, na bonde likabaki na visiki na kijito kinachokauka mwezi wa tisa. Hakuna aliyemshtaki mgeni wala karatasi yake. Mgeni alishahama, na mhuri haupigiki mawe. Rupert alikuwa jirani. Akapigwa yeye.

Alijitetea. "Nilisema lepi," aliwaambia, kilabuni, kanisani, kisimani. Wakamwambia, kaseti ipo. Kweli ilikuwapo. Katekista Joachim, aliyekuwa akirekodi kwaya kwa redio yake ya betri, alirekodi na mkutano ule. Wakaipiga ndani ya ofisi ya kijiji, watu wamejazana mpaka mlangoni. Spika moja, imechanika, betri zimechoka. "Tete tigana." Makofi. Wakamgeukia Rupert bila kusema kitu, wakatoka mmoja mmoja.

Mzee alifariki miaka minne iliyopita. Sasa familia ilikuwa imechoma matofali, na Jumamosi ile kaburi lilikuwa lijengewe. Kwao Likwela watoto hawaanzi kujenga kaburi la baba. Tofali la kwanza hushikwa na mtu wa rika lake, aliyecheza naye, ndipo wengine wafuate. Lisiposhikwa, watu hukaa mbali kama kwenye shamba la mtu. Na wa rika la Rupert alikuwa amebaki mmoja tu, Mzee Dastan.

Noela alikwenda kwake mara mbili. Mara ya pili Dastan alimkaribisha ndani, akampa karanga, akamwambia kwa upole, na upole ule ndio uliouma: "Sikatai kwa ubaya, mwanangu. Baba yako tulilisha naye mbuzi. Lakini mkono wangu hauwezi kushika tofali la mtu aliyesema tigana."

Wiki hiyohiyo Walburga, mjane wa Joachim, alikuwa anahama nyumba, akamletea Noela boksi la kaseti za marehemu. Nyingi ni kwaya. Moja imeandikwa kwa kalamu ya bluu: Mkutano, bonde. Noela hakuwa na redio ya kaseti nyumbani, nani anayo siku hizi? Ila gari lilikuwa nayo. Alikaa nje ya nyumba yake Matogoro, vioo amepandisha, akasikiliza mara saba. Mara zote saba baba yake alisema tigana, na baada ya hapo ni kishindo, kama mahindi yanayomwagwa kwenye bati.

"Nipe mpaka keshokutwa," alisema Sefu pale uani, mkono bado juu ya mlango.

"Keshokutwa ni Alhamisi. Huwezi kufanya na usiku?"

"Hakuna usiku, mwalimu. Mimi saa kumi na moja nafunga, naenda kuswali na kula."

Noela hakuondoka. Alivuta ndoo, akaipindua, akakaa. Sefu aling'oa ngozi za milango, akatoa spika za kiwandani, akamwonyesha: karatasi imekauka imekuwa kama jani la tumbaku, moja imepasuka pembeni. "Hizi ndizo zilizokuwa zinamsemea mzee wako. Ungemsikia nani hapo?"

Akabandika ndani ya milango karatasi nzito zenye lami, akazikandamiza kwa roli ya mbao, halafu akagonga tena. Bati halikulia safari hii. Lilijibu kama gogo. Akaweka spika mpya. Akatoboa pembeni ya vioo vya mbele, akafunga spika nyingine mbili ndogo, za ukubwa wa kifuniko cha chupa.

"Hizi twita. Hizi ndizo zenye herufi. Spika kubwa inakupa kifua cha mtu, hii inakupa ulimi na meno."

"Basi ziweke hata nne."

"Ukiweka nne atakuwa na meno kama mamba."

Kesho yake akalaza amplifaya chini ya kiti, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akauwekea fyuzi karibu kabisa na betri ("ukimwona fundi anaiweka mbali, mkimbie"), na kutoka nyuma ya redio akachukua zile nyaya za spika, akazipitisha kwenye kiboksi kidogo kinachoipunguza sauti nguvu ili amplifaya iipokee. Redio ikabaki mahali pake, haikujua kilichotokea nyuma yake. Akawasha. Ikaimba kwaya ya Joachim, na Noela akainuka kwenye ndoo bila kujua ameinuka, maana alisikia sauti ya pili ikipishana na ya tatu, na mtu mmoja aliyekuwa akikohoa mbali.

Lakini gari likikanyagwa mafuta, kulikuwa na mlio kama nzi aliyefungiwa kwenye glasi.

"Asi mbaya," Sefu alijisemea. Akafungua waya wa asi, ule mweusi unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, aliokuwa ameufunga kwenye bolti ya kiti, akakwangua rangi kwenye bodi mpaka chuma kikang'aa, akaufunga hapo. Nzi akafa.

"Sasa tumsikilize mzee."

Noela akaingiza kaseti kwa mkono wake mwenyewe.

Baba yake alikuja. Alikuja na kifua chake, ile sauti iliyokuwa ikitokea shambani kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Akataja mpunga. Akataja watoto. "Tete tigana." Makofi.

Noela alizima. Akashika ufunguo wa gari. Mpaka hapo hakuwa amekubali, hata ndani ya nafsi yake, kwamba jambo hili linaweza kuisha hivi: spika mpya, na baba yake ni yuleyule waliyemsema.

"Basi," alisema. "Ahsante fundi. Umefanya kazi nzuri."

"Ngoja, ngoja. Hujaridhika."

"Kimeshasikika. Ndicho alichosema."

"Mimi sijui alichosema, mimi ni Myao, Kingoni chenu nakisikia sokoni tu. Lakini mimi sijaridhika. Sauti ina blanketi juu." Sefu alikuwa tayari anaichomoa redio kwenye dashibodi, inaning'inia kwa nyaya zake. "Mjomba wangu kule Tunduru alitengeneza redio miaka thelathini. Msimu wa korosho ukiisha, kila mtu analeta redio kwake. Alinifundisha kitu kimoja. Kichwa kinachosoma utepe kimefungwa kwa skrubu mbili. Kila redio kichwa chake kimelala kivyake. Redio iliyorekodi hii, kichwa chake kilikuwa kimeinama. Hiki kimesimama wima. Wanasoma barua moja, mmoja ameshika karatasi upande. Tukimwinamisha huyu kama yule, blanketi linatoka."

Akasafisha kichwa kwa pamba na spiriti. Pamba ikatoka na kutu ya kahawia. Akashusha mdundo wote mpaka chini, akaacha sauti ya kati peke yake. Akashika bisibisi nyembamba kama njiti, kaseti inacheza, akazungusha robo ya robo. Sauti ikafifia. Akarudisha. Akazungusha upande wa pili. Na polepole, kama ukungu unavyotoka Matogoro saa nne asubuhi, yale makofi yakaacha kuwa kishindo kimoja. Yakawa mikono. Mkono huu na ule.

"Rudisha nyuma," alisema Sefu. Wakarudisha. "Tena." Wakarudisha tena. Alikuwa amefumba macho.

"Mwalimu, nikuulize. Lepi ni nini?"

Noela akamgeukia.

"Pale mwisho, makofi yakishaanza. Kuna mtu mmoja anapiga peke yake, pa, pa, pa, yuko karibu na redio. Katikati ya pa ya pili na ya tatu, mzee anasema lepi. Au lipi. Ndiyo maana nauliza."

"Piga."

Akapiga. Noela alisikia tigana, na sikio lake likataka kujifunga kama lilivyojifunga mara saba nyuma ya vioo. Safari hii alilishikilia wazi kwa nguvu, kama mtu anayeshikilia mlango kwenye upepo. Pa. Pa. Lepi. Pa. Ndipo yakaja makofi ya wote.

Lilikuwa neno dogo. Mzee wake hakulipigia kelele, kwa nini alipigie? Alikuwa anaongea lugha yake mbele ya watu wake.

"Maana yake siyo," alisema Noela. "Maana yake hatutaki. Na kijiji kizima kinasema alisema tunataka."

"Astaghfirullah," alisema Sefu, na bisibisi bado iko mkononi. "Na nyie wenyewe hamkulisikia?"

"Sisi tunakijua Kingoni, fundi. Ndiyo shida yenyewe. Wewe hukijui, ukasikiliza mpaka mwisho."

Ijumaa mchana Noela alisimamisha gari mbele ya nyumba ya Mzee Dastan. Mzee alikuwa kibarazani anachambua maharage, kofia ya sufu kichwani japokuwa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kwa lile la tofali..."

"Nimekuja kukuomba ukae kwenye gari langu kidogo. Haliendi popote."

"Gari lisilokwenda popote. Basi hilo ni kigoda," alisema Dastan, lakini alinyanyuka, akajipangusa, akaingia upande wa abiria. Noela akafunga mlango. Kuku waliokuwa wakipiga kelele uani wakanyamaza ghafla, au walionekana kunyamaza. Mzee akageuka kuwatafuta.

Hakumweleza kitu. Hilo aliliamua njiani, kwamba asimwelekeze sikio. Akabonyeza.

Rupert akaongea. Dastan alipoisikia sauti ile ikitoka mbele ya uso wake, akashika dashibodi kwa vidole vitano, kama mtu aliyeshtushwa na mtu anayemfahamu. Mpunga. Watoto. Tete tigana. Pa. Pa. Lepi. Pa.

"Rudisha," alisema Dastan.

Alirudisha.

"Rudisha."

Mara ya tano hakusema rudisha. Alikaa akitazama kioo cha mbele, na utepe ukaendelea, watu wakipiga makofi, mgeni akishukuru kwa Kiswahili cha ofisini, ahsanteni sana, ahsanteni sana. Noela akazima.

"Amelisema," alisema Dastan.

"Ndiyo baba."

"Na yule anayepiga mwanzo, peke yake. Umemjua?"

"Simjui."

"Mimi namjua. Nilikuwa nimekaa pembeni ya redio ya Joachim, kwenye benchi la wajumbe." Aliongea taratibu, bila kutetemeka, kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. "Wale wa kampuni walitukusanya asubuhi yake, sisi wajumbe, wakatupa soda. Wakatuambia, mzee akisema tu kwamba mnataka, ninyi anzeni makofi, mkutano uchangamke. Wakauliza, kwa Kingoni kutaka ni nini. Mimi ndiye niliyewaambia. Tigana. Basi nikakaa nalisubiri lile neno, mwanangu. Sikuwa namsikiliza Rupert. Nilikuwa nalisubiri neno. Likaja, nikapiga."

"Hukusikia lililofuata."

"Nilikuwa napiga makofi. Nani anasikia huku anapiga makofi?" Aliivuta kofia chini. "Na siku ile ofisini walipoipiga kaseti, mimi ndiye niliyesimama wa kwanza kutoka."

Noela alikuwa ameandaa maneno ya hasira, alikuwa nayo tangu ana miaka kumi na tisa, tangu siku alipomwona baba yake anarudi kutoka kilabuni na tope mgongoni lililorushwa na watoto wa watu. Alikuwa ameyapanga kwa mfuatano. Akayatafuta sasa, akayakuta yote yapo, hakuna hata moja lililopotea, na akayaacha hapohapo yalipo. Bonde halikuwa linarudi. Waliolichukua walikuwa mahali fulani na wajukuu zao, na hakuna aliyewahi kuwaita kwa jina la kosa lao. Kwenye gari alikuwamo mzee mmoja aliyenunuliwa kwa soda.

"Jumamosi ni kesho," alisema Dastan.

"Ni kesho. Saa tatu."

"Kesho watakuwapo watu wote, na nitawaambia wote, hilo usihofu. Lakini mimi nina langu na Rupert, na si la mbele za watu. Washa gari."

Kaburi lilikuwa juu kidogo ya nyumba ya zamani, kwenye kichaka cha mihogo. Noela alisimamisha gari chini, akabaki ndani. Alimwona mzee akipanda kwa fimbo, akivua kofia, akisimama kwenye kile kichuguu cha udongo mwekundu. Alimwona akiongea, mkono mmoja ukieleza jambo, na mara moja akiinama kama mtu aliyeulizwa swali. Ilichukua muda. Noela hakushusha kioo.

Aliporudi, Dastan hakuingia garini. Alizunguka mpaka kwenye tanuri la matofali, akachukua moja, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalitupa. Akachukua jingine, akaligonga, akalirudisha. Alipata la tatu au la nne lililomridhisha, akalileta dirishani kwa mikono miwili na kumkabidhi Noela.

"Hili lisichanganyike na mengine. Na kesho nikichelewa, magoti haya asubuhi hayaniitikii, mwambie mwashi asianze bila mimi."